Kwa nini Charger yako itaonekana ya kuchezea, na namna ya kuzuia hilo

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Nimeunga modeli mbili za plastiki za magari ya zamani ya Kimarekani, Mustang na Camaro. Rangi ilikaa vizuri, gundi haikuchuruzika, stika hazikupinda. Rafiki yangu alipoziona akauliza ni za mtoto gani. Sasa kaka yangu aliyeko Ohio amenitumia Dodge Charger ya 1968, skeli ya 1/25. Anakuja Desemba na anataka kuniletea seti ya vipande vya shaba vya kuongezea. Nifanye nini ili hii ifanane na gari lenyewe? Na je, hivyo vipande ndivyo ninavyovikosa?”

Marahaba, mdogo wangu. Najua hilo swali la rafiki yako linavyochoma. Mimi niliulizwa lilelile wakati nimeshapaka magari ya watu kwa miaka tisa katika gereji ya Gerezani, Dar es Salaam. Rangi nilikuwa naijua, bodi nilikuwa naijua, na bado modeli zangu zilifanana na vitu vya kununuliwa sikukuu ya Idi. Baadaye nilikaa Michigan miaka sita, nikawa kila Agosti naenda Woodward Avenue, ambako tangu 1995 watu hutoa magari yao ya zamani na kuyatembeza hadharani. Nilisimama kando ya Charger na GTO nikiwa na rula mfukoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Modeli zako hazijapungukiwa na kitu. Zimezidisha. Plastiki ni nene kuliko bati, rangi ni nene kuliko rangi, kromu inang’aa kuliko kromu, na gari limesimama juu kuliko lilivyotoka kiwandani. Mtu asiyejua magari hawezi kukuonyesha kosa liko wapi, lakini jicho lake limeshaliona, na ndiyo maana rafiki yako aliuliza alivyouliza.

Kwa hiyo shika namba moja: 25, maana skeli ya 1/25 ni gari lililopunguzwa mara 25. Kila unachokiona kwenye modeli kizidishe mara 25, kisha jiulize kama kingekubalika barabarani. Ukingo wa tao la tairi kwenye bodi ya plastiki huwa na unene wa milimita 1 hivi. Mara 25 ni sentimita 2.5, wakati bati la gari lenyewe halifiki hata milimita 1. Umeunda gari la mbao za kupaulia. Rangi yenye unene wa moja ya kumi ya milimita inakuwa milimita 2.5, fundi rangi yeyote akiona koti la namna hiyo kwenye gari la mteja atalibandua. Nenda na hesabu hiyo upande wa pili pia. Waya wa plagi wa zama hizo ulikuwa na kipenyo cha milimita 7. Gawa kwa 25 unapata 0.28. Ukiweka waya wa milimita 1, umechomeka mpira wa kumwagilia bustani kwenye plagi.

Kabla ya kufungua gundi, amua unaunda gari lipi. Simaanishi “Charger”. Namaanisha gari moja, lenye mwaka wake, injini yake, gia yake na rangi yake. Magari haya ambayo Wamarekani huyaita ya misuli, tangu Pontiac ilipoweka injini ya inchi za ujazo 389 kwenye GTO ya 1964, yaliuzwa kwa orodha ndefu ya vitu vya kuchagua, na mteja mmoja hakufanana na mwingine. Watu wengi hukosea hapa: wanachukua grili ya mwaka mmoja, viti vya mwaka mwingine na rimu za picha waliyoipenda. Charger ya 1968 ina grili moja isiyogawanywa katikati, taa za nyuma za mviringo, mbili kila upande, na vitaa vya ubavuni vya mviringo. Ya 1969 ina kigawanyo katikati ya grili, taa za nyuma ndefu za mlalo, na alama za ubavuni za mstatili. Ya 1970 bampa lake la mbele ni duara la kromu linalozunguka grili yote. Bodi ni ileile, na waunda modeli hubeba vitu kutoka mwaka huu kwenda ule bila kujua.

Sheria nazo zinakusaidia kujua mwaka. Vitaa vya ubavuni vilianza kudaiwa na serikali ya Marekani Januari 1968, na viegemeo vya kichwa juu ya viti vya mbele Januari 1969. Kwa hiyo Charger yako ya 1968 inaweza kabisa kuwa na viti vifupi visivyo na kitu juu, na wala usihangaike kutengeneza viegemeo hivyo.

Picha utakazozitumia ziwe za gari ambalo halijakarabatiwa, hata kama limechakaa. Nakwambia hili kwa uzito, kwa sababu magari mengi niliyoyaona Woodward yamepakwa vizuri kuliko kiwanda kilivyowahi kupaka. Mwenye gari amelipenda, amelipiga koti la juu la kung’aa kama kioo, amesawazisha nafasi za milango. Ukinakili hilo, unanakili kazi ya fundi wa juzi, siyo gari la 1968. Na angalizo kwetu tuliozoea usukani wa kulia: kwenye picha za Marekani upande wa dereva ni kushoto, na picha nyingine mtandaoni zimegeuzwa. Tafuta kifuniko cha mafuta cha Charger, kile cha mviringo kinachofanana na cha magari ya mashindano. Kinakaa juu ya ubavu wa nyuma wa kushoto. Kikionekana kulia, picha imepinduliwa, na kila utakachokinakili kwenye injini kitakuwa kinyume.

Sasa pima. Gari lenyewe lina urefu wa inchi 208, upana wa inchi 76.6, kimo cha inchi 53.2, na kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 117. Kwa 1/25 hiyo ni milimita 211, 78, 54 na 119. Andika namba hizo nne kwenye kipande cha karatasi ubandike juu ya meza yako. Funga bodi, sasi na magurudumu kwa selotepu kabla ya gundi yoyote, kisha pima. Boksi za 1/24 nazo zipo nyingi, na vipande vyake havifai hapa hata vikionekana kuingia: kwa skeli hiyo gari hilohilo lina urefu wa milimita 220. Tofauti ya milimita 9 kwenye meza ni karibu sentimita 23 kwenye barabara.

Bodi ndipo utakapotumia muda mwingi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Tafuta mishono ya kalibu, yaani umbo la kiwandani ambamo plastiki humiminwa, ile mistari myembamba inayopita juu ya viringe vya ubavu na kwenye nguzo za paa. Charger ina ule mbonyeo wa kiuno, kama chupa ya soda, na mshono mara nyingi unapita palepale ambapo mwanga utaanguka. Uondoe kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000. Kisha geuza bodi, na kwa kisu chembamba kilicholazwa kwangua kingo za matao ya tairi na mdomo wa chini kutoka ndani. Usiguse nje. Unapunguza unene hadi ukingo uonekane kama karatasi, huku ndani plastiki ikibaki na nguvu zake. Fanya vivyo hivyo kwenye kingo za boneti na kwenye midomo ya nguzo za nyuma, zile zinazoteremka kama mbawa kila upande wa kioo. Kazi hii peke yake itabadilisha modeli yako kuliko kipande chochote cha kununua.

Mistari ya milango na boneti ifukue kabla ya rangi, kwa mgongo wa ncha ya kisu, ukipita mara nyingi kwa mkono mwepesi. Rangi itakuja kuijaza kidogo. Mwishoni utaingiza ndani yake rangi ya kahawia iliyokolea, iliyochanganywa na tina nyingi. Nyeusi kabisa huonekana kama imechorwa kwa kalamu.

Kuhusu rangi yenyewe, nina jambo la kusema kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha. Mwaka 1968 Chrysler ilipaka magari yake enameli ya akriliki, koti la rangi tupu bila koti la juu la uwazi. General Motors walitumia laka ya akriliki. Kwa hiyo nyekundu ya Charger, ile yenye namba PP1, ilikuwa na mng’ao wa kina lakini laini, na ukiikaribia unaona ngozi yake ina vijimawimbi vidogo kama ganda la chungwa. Ukiimwagia koti tatu za uwazi, umeirudisha dukani kwenye rafu ya vitu vya watoto. Piga praima ya kijivu nyembamba, ya kuvumbiza tu mara ya kwanza, hasa kama rangi ni ya dukani kwa wauza rangi za magari, maana tina yao kali huivuruga plastiki isiyokingwa. Kisha rangi, makoti matatu au manne mepesi. Acha ikauke wiki nzima. Sugua kwa msasa 2000 na maji yenye tone la sabuni, kisha kampaundi laini kwa kitambaa cha pamba. Kama unachagua rangi yenye vumbi la chuma, kumbuka 25: chembe inayoonekana kwa jicho kwenye modeli ingekuwa na ukubwa wa punje ya mchele kwenye gari. Kwa modeli ya kwanza ya makini, chagua rangi isiyo na chembe.

Tanga kuna unyevu, hilo halina ubishi. Laka ikipigwa hewa ikiwa na maji hufanya ukungu mweupe. Piga saa nne au saa tano asubuhi siku kavu, na usipige kabisa siku ambayo mvua imetishia. Na modeli isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Plastiki hii hupinda.

Tuje kwenye kromu. Ile iliyokuja kwenye boksi imepakwa kiwandani kwa mvuke wa alumini, ni nene machoni na imefunika mshono wa kalibu bila kuuondoa. Itumbukize kwenye Jik kwa saa chache, itatoka yote. Sugua mshono, paka nyeusi ya kung’aa, kisha juu yake kromu ya kupuliza au ya kalamu. Kwa vipambo vyembamba vinavyozunguka vioo na mifereji ya paa, kuna foili nyembamba sana yenye gundi inayoitwa Bare-Metal Foil, iliyozaliwa kulekule Michigan. Unaibandika, unaisugua kwa kijiti cha meno hadi ishike umbo, kisha unakata kando kwa ncha mpya kabisa ya kisu. Ncha ya jana itaichana. Grili ya Charger, ndugu yangu, iache nyeusi. Waunda modeli wengi huing’arisha yote, na gari lenyewe lina uso wa giza, taa zikiwa zimefichwa nyuma ya vifuniko. Huo uso wa giza ndio uliolipa gari hili vitisho vyake.

Na kwenye boneti kuna jambo ninalolipenda sana. Ndani ya yale mabonde mawili vimo vitaa vidogo vya indiketa vinavyomtazama dereva. Tone la rangi kila upande linatosha. Anayelijua gari atainama akutazame kwa heshima.

Injini. Hapa ndipo uchaguzi wako wa awali unapokulipa. Soma namba ya gari unalolinakili: kwa 1968, XS29 ni Charger R/T, toleo lake la nguvu zaidi, na herufi inayofuata ni injini, L kwa 440 Magnum na J kwa 426 Hemi. Tuseme umechagua Hemi. Bloku na vichwa ni rangi ya machungwa. Vifuniko vya juu vya valvu ni vyeusi vyenye ngozi ya mikunjo, kwa hiyo usivipe mng’ao. Kabureta ni mbili, Carter, moja nyuma ya nyingine. Manifoldi za ekzosi ni chuma cha kusubu kisichopakwa, chenye rangi ya majivu inayoelekea kahawia. Plagi hazikai ubavuni kama za injini nyingine. Zinaingia juu, katikati ya vifuniko vya valvu, na waya zake zinazama kwenye matundu yaliyopangwa mstari.

Disitribyuta, kile kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi, kwa injini hii iko mbele, upande wa kulia wa gari. Ya Chevrolet iko nyuma, ya V8 za Ford iko mbele. Nimeona modeli nzuri ajabu zimeharibika kwa disitribyuta kuwekwa ilikoelekea gundi. Silinda za Chrysler zinahesabiwa 1, 3, 5, 7 upande wa dereva na 2, 4, 6, 8 upande wa abiria, kuanzia mbele. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota inazunguka kinyume cha saa. Toboa matundu nane kwenye kifuniko cha disitribyuta, ingiza waya kwa mpangilio huo, na kila waya uende silinda yake. Utaniuliza nani atahesabu. Mimi nitahesabu, na wewe pia utahesabu kila ukiitazama.

Waya hizo usiagize popote. Nenda kwa fundi anayesuka upya mota za umeme, mwombe mabaki ya waya wa shaba wenye vanishi wa robo milimita hadi 0.3. Unapakwa nyeusi bila shida na unapinda ukakaa. Mpira wa hita ni kama milimita 0.9 kwa skeli yako, wa rejeta 1.8, ganda la waya wa simu na wa umeme litakupa zote mbili.

Chini ya gari wengi hupaka nyeusi wakamaliza. Gari hili halina sasi ya kutenganishwa, bodi na sakafu ni kitu kimoja, na sakafu ilikuwa na praima huku rangi ya bodi ikiwa imepeperukia kingoni. Puliza praima, kisha puliza rangi ya bodi kutoka pembeni bila kufika katikati. Kama ni Hemi yenye gia nne za mkono, ekseli ya nyuma ni Dana 60. Ikiwa ya otomatiki ni ile ya inchi 8¾. Boksi huwa linatoa moja tu, kwa hiyo ichague gia inayolingana na ekseli uliyopewa.

Ndani ya gari sitakaa sana. Hakuna kinachong’aa isipokuwa pete za mita na vishikio. Kila plastiki nyingine iwe ya kufifia.

Tairi ziondoe mng’ao kwa msasa, na zisiwe pana. R/T ya 1968 ilivaa F70-14 zenye mstari mwekundu mwembamba, kwenye rimu ya inchi 14, ambayo kwako ni milimita 14 tu za kipenyo. Watu hupenda kuongeza, na wakiongeza gari linakuwa katuni. Mpira laini wa tairi ukigusana na rimu ya plastiki kwa miaka huitafuna, na joto letu huharakisha. Zungushia rimu foili ndani, mahali pasipoonekana. Kioo cha ubavuni weka kimoja tu, upande wa kushoto, isipokuwa picha yako inaonyesha viwili.

Mwisho, kimo. Namba ile ya 54. Milimita moja ya kuzidi mbele ni inchi nzima, na gari lililoinua pua inchi moja halifanani na lolote lililotoka kiwandani. Chonga viegemeo vya springi au sogeza ekseli kabla ya kufunga, pima tena, ndipo ugundishe.

Sasa kaka yako. Mwambie seti ya shaba isubiri modeli inayofuata. Ina faida kwenye nembo za R/T na bawaba, lakini vingi vyake ni bapa, na kitu cha mviringo kikifanywa bapa kinarudisha kosa lilelile kwa njia nyingine. Kwa fedha hiyo akununulie kalipa ndogo ya kupimia, karatasi mbili za Bare-Metal Foil, na drili ya mkono yenye vichwa vya 0.3 na 0.5. Rangi za kopo la kupuliza asibebe, ndege haziruhusu.

Ukiifunga bila gundi, kabla ya praima, nipigie picha ya ubavu. Weka simu kwenye usawa wa katikati ya gurudumu, simama mita mbili nyuma, kisha kuza. Ukiikaribia lenzi itavimbisha pua na sitaweza kukupimia. Weka rula chini ya magurudumu.